Maji ya Paa Yaende Wapi?

Anayejenga kidogo kidogo, kama tunavyojenga wengi wetu, huwa na orodha ndefu ya mambo ya "baadaye". Uzio baadaye, vigae baadaye, dari baadaye. Mwisho kabisa wa orodha hiyo, kama limekumbukwa, ni gata. Mpaka kupaua kunakamilika mfuko umekwisha. Bati liko juu, milango inafungika, kodi ya nyumba ya kupanga inauma, basi familia inahamia. Masika ya kwanza yanapita salama, ya pili vilevile. Ya tatu au ya nne rangi inaanza kuvimba chini ya dirisha, plasta inalia debe ukiigonga, na mwenye nyumba anamwita fundi rangi. Fundi rangi anakwangua, anapiga skimu, anapaka, analipwa, anaondoka. Masika yanayofuata anaitwa tena.

Nadhani swali la gata tumekuwa tukiliuliza vibaya. Tunauliza bei, tunauliza la plastiki au la bati, jeupe au la kahawia. Swali lenyewe ni maji ya paa yaende wapi, na gata ni kipande kimoja tu cha jibu. Ndiyo maana zipo nyumba nyingi zenye magata lakini kuta zake zimeoza, na zipo nyumba za makuti zisizo na gata hata moja ambazo kuta zake ni kavu miaka nenda miaka rudi.

Tuanze na hesabu, maana wengi hatujui ukubwa wa kitu tunachoshindana nacho. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ambayo paa lake limefunika mita za mraba 120, humwaga basi zaidi ya lita 120,000 kila mwaka. Hayo ni maboza 12 ya lita 10,000. Hakuna mwenye nyumba atakayekubali boza hata moja lirudi kinyumenyume hadi ukutani na kufungulia maji msingini. Lakini yote 12 yanamwagwa papo hapo, kwenye mstari mwembamba unaoizunguka nyumba, nasi hatusemi kitu kwa sababu yanakuja tone kwa tone.

Mstari huo ndio wa kuutazama. Zunguka nyumba isiyo na gata utauona: kijifereji kilichochimbwa na matone sambamba na ukuta, ndani yake vijiwe vilivyooshwa vikabaki peke yake. Udongo laini umekwenda. Kila mwaka kijifereji kinashuka, na kama upenu ni mfupi, wa sentimita 30 au 40 kama zilivyo nyumba nyingi za siku hizi, kinachimbika karibu kabisa na msingi. Kwenye nyumba za udongo na za matofali mabichi, mawe ya msingi hubaki wazi, na kona ndiyo huanza kuinama.

Matone hayo hayo yakigonga ardhi hurusha tope ukutani. Ndiyo ile rangi ya udongo inayopanda hadi usawa wa magoti kwenye kuta nyeupe. Watu wameiona kuwa ni uchafu tu, wakapata dawa yake: kupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi nyeusi au kahawia ili tope lisionekane. Macho yamedanganyika, ukuta haujadanganyika. Tofali la saruji hunywa maji. Likiloweshwa kila mvua, maji yanapenya, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mchanga na saruji, na yanapokauka upande wa ndani yanaiacha chumvi ile juu ya plasta. Unga mweupe unaoupangusa kwa kidole nyuma ya kabati ni huo. Matofali yakifyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi, hali huwa mbaya zaidi. Na hakuna rangi iliyowahi kuishinda chumvi ya ukutani, hata iwe ya bei gani, itabanduka tu.

Kisha kuna udongo ulio chini ya msingi. Mfinyanzi mweusi unaopatikana sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi, na udongo wa aina hiyo uliopo Kibaha na Dodoma, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Huko Kibaha jambo hili limewahi kuandikiwa tasnifu ya udaktari: Charles Lucian alichunguza majengo yaliyosimama juu ya udongo huo, akaiwasilisha kazi yake mwaka 2008 katika chuo cha KTH, Stockholm. Udongo wa namna hii ukilowa sawasawa pande zote hauna ugomvi mkubwa na nyumba. Ugomvi huja pale maji yanapokuwa mengi upande mmoja na haba upande mwingine. Bomba la gata likimwaga yote kwenye kona moja, kona hiyo inanyanyuliwa masika na kushushwa kiangazi, huku kona nyingine zimetulia. Ule ufa unaopanda kwa vidato, ukifuata maungio ya tofali kutoka kona ya dirisha, mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Hapa ndipo gata lililofungwa nusunusu linapokuwa baya kuliko kukosa gata. Lisingekuwapo, maji yangegawanyika urefu wote wa nyumba. Lilipowekwa, yakakusanywa, yakapewa kasi, yakamwagwa mahali pamoja.

Je, kila nyumba lazima iwe na gata? Hapana. Nyumba ya makuti haina pa kulifunga na wala hailihitaji sana: makuti huyashusha maji polepole, upenu huteremka chini na kwenda mbali, na mbele kuna baraza la kuupokea mrusho. Wazee waliojenga hivyo walijua walichofanya. Nyumba ya bati ya chini pia inaweza kuishi bila gata ikiwa upenu umetoka sentimita 90, pembeni kuna ukanda wa zege wenye upana wa mita moja unaoinama kwenda nje, na kiwanja hakielekezi maji kwa jirani. Hata mtaro mfupi uliojazwa kokoto chini ya mstari wa matone huua mrusho wa tope kwa gharama ndogo. Tatizo ni kwamba upenu wa sentimita 90 unataka mbao na bati zaidi, na ramani za mtindo wa sasa hazipendi upenu mpana. Nyumba ya ghorofa, nyumba yenye upenu mfupi, nyumba iliyobanana na jirani, na nyumba iliyo mtelemkoni, hizo hazina ujanja.

Haya, tuseme umeamua kufunga. Kosa la kwanza hufanyika dukani, kwenye kipimo. Kanuni nyepesi inayotumika sana ni sentimita 1 ya mraba ya nafasi ya ndani ya gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa linalomwaga humo. Chukua nyumba yetu ya mita 120, paa la pande mbili. Kila upande una mita 60, kwa hiyo gata linahitaji nafasi ya sentimita za mraba 60. Gata la nusu duara lenye upana wa milimita 100 lina kama 39 tu, halitoshi. La milimita 125 lina 61. Linatosha kwa kugusa. La milimita 150 lina 88, na ukiwa na miti jirani inayodondosha majani, hilo ndilo la kununua. Ili kuona kwamba kanuni hii si ya kutishana, fikiria mvua kali ya milimita 2 kwa dakika, ambayo si ajabu pwani. Upande mmoja wa paa letu unashusha lita 120 kila dakika. Ni ndoo sita kubwa za lita 20, dakika baada ya dakika, na zote zinataka kupita kwenye tundu moja.

Tundu hilo ndilo husahaulika. Bomba la kushushia la inchi 2 ni rahisi na mafundi wengi hulipenda, lakini uwazi wake haufiki nusu ya uwazi wa bomba la inchi 3. Gata kubwa lenye bomba dogo hufurika mchana kweupe, na mwenye nyumba hubaki akilaumu gata. Kitu kingine ambacho hakina gharama yoyote ya ziada ni mahali pa kutobolea tundu. Ukiliweka katikati ya gata, maji yanakuja kutoka pande mbili na kila nusu ya gata inabeba nusu ya mzigo. Ukiliweka mwisho, gata zima linabeba yote. Wengi huliweka mwisho kwa sababu tu tanki liko kwenye kona.

Mwinamo nao una siri yake. Gata lisiloinama hutuama, likituama linashika mchanga, mchanga unaotesha majani, na maji yale yaliyobaki yanazaa mbu. Aedes, mbu aenezaye homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anapenda hasa vidimbwi vidogo vya majumbani vya namna hiyo. Lakini gata linaloinama kupita kiasi nalo huachana na ukingo wa bati upande wa chini, maji yakarukia nje. Sentimita 1 kwa kila mita 2 inatosha. Kwa urefu wa mita 12, upande mmoja unashuka sentimita 6 tu, kiasi ambacho jicho la mtu aliye chini halikioni na fishabodi ya inchi 8, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata, inakibeba bila shida.

Fundi mzuri utamtambua kabla hajapanda ngazi. Atakuwa na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ameujaza maji. Mwenzake anashika ncha moja kwenye kona ya nyumba, yeye anashika nyingine, na pale maji yanapotulia ndipo usawa ulipo. Hafuati mstari wa fishabodi, kwa sababu anajua fishabodi yenyewe ilipigwa na mtu aliyekuwa na haraka. Anapiga msumari kila upande, anashusha ule wa upande wa bomba kwa kipimo chake, anavuta uzi mpaka unalia, kisha breketi zote anazifunga kwa kuufuata uzi. Anayepima kwa macho na kusema "twende, ipo sawa" mwache aende kweli.

Breketi zenyewe zisiachane zaidi ya sentimita 60. Gata la milimita 125 likijaa hubeba kama kilo 6 za maji kwa kila mita. Kwa mita 12 ni zaidi ya kilo 70, uzito wa mtu mzima aliyening'inia kwenye ubao. Misumari hung'oka kwenye mbao laini zisizotiwa dawa. Skrubu hukaa. Na ukingo wa bati uingie ndani ya gata kiasi cha sentimita 5: ukiwa mfupi, maji yanarudi nyuma yakifuata chini ya bati hadi kwenye fishabodi, na fishabodi iliyoloa kila siku ni karamu ya mchwa; ukiwa mrefu, yanaruka juu ya gata.

Kuhusu kuruka, kuna ufundi mmoja uliokomaa Kenya ambao unastahili kuenea zaidi. Maji yanayoshuka kwa kasi kwenye bati refu hayaingii kwenye gata kwa hiari. Wakati wa dhoruba yanalipita kabisa. Dawa yake ni utepe wa bati uliokunjwa, unaopigiliwa kwenye ukingo wa paa ukaning'inia wima mbele ya maji, ncha yake ikiishia ndani ya gata. Maji yanaugonga, yanapoteza mbio, yanadondokea ndani. Erik Nissen-Petersen, Mdenmarki aliyefanya kazi za uvunaji wa maji Kenya kwa miaka mingi, ameueleza katika maandishi yake juu ya maji ya paa. Utepe huo una faida nyingine: gata linaweza kuning'inizwa kwa waya kutoka humo, hivyo hata nyumba isiyo na fishabodi inapata gata, na mwinamo unarekebishwa kwa kukaza au kulegeza waya.

Bati, plastiki au alumini? Nisiseme sana hapa, maana duka litakuambia. Bati jembamba linalokunjwa na mafundi wa mtaani ni rahisi na linatengenezeka, ila ukanda wa bahari hulila haraka, hasa kwenye mikato na matundu ya skrubu yasiyopakwa rangi. Alumini haishiki kutu, lakini isilale juu ya zege bichi. Plastiki inahitaji neno moja ambalo wafungaji wengi hulipuuza: hutanuka. Gata la plastiki la mita 10, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane, linaongezeka urefu kama sentimita 2. Fundi aliyegundisha kila kiungo kwa gundi kali, akabana ncha zote mbili ukutani, amelinyima pa kwenda. Litapinda au litapasuka kwenye kiungo, na utaambiwa plastiki ya siku hizi ni mbovu.

Sasa tuje kwenye tanki, kwa sababu kusema kweli wengi tunafunga gata kwa ajili ya tanki. Gata liko upande mmoja tu, ule wenye tanki, na upande wa pili maji yanachimba kama zamani. Huo ni udhaifu mmoja. Mkubwa zaidi ni kile kinachotokea tanki likijaa. Upande wa paa wa mita 60 unahitaji milimita 85 hivi za mvua kujaza tanki la lita 5,000. Masika, siku mbili tatu tu huweza kutosha. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Mei tanki halifanyi kazi tena, kila tone linatoka kwenye bomba la juu la kumwagia na kuanguka kwenye kitako cha tanki, ambacho kimejengwa nusu mita kutoka ukutani. Angalia matanki ya mtaani kwako uone ni mangapi yenye bomba la ziada linalopeleka maji mbali. Mengi yana tundu tu na alama ya kijani ya ukungu inayoteremka hadi chini.

Kwa hiyo sehemu ya mfumo iliyo muhimu kuliko zote ni ile iliyo ardhini, na ndiyo isiyo na muuzaji. Bomba lishuke hadi chini, lipinde, liingie kwenye mtaro wa saruji au bomba la kufukia linalotoka angalau mita 3 mbali na msingi, na kutoka hapo kuwe na mtelemko. Kiwanja tambarare chenye udongo wa kichanga kinaweza kuchimbiwa shimo la kunyonyea maji lililojazwa mawe. Mfinyanzi hauli maji, kwa hiyo usijidanganye kuchimba humo. Na kamwe yasiunganishwe na shimo la choo. Wanaofanya hivyo hujikuta, mvua ya kwanza kubwa, wakiwa na maji taka uani, kisha wanafungulia yaende barabarani usiku, jambo ambalo kila mkazi wa mitaa ya mabondeni analijua kwa harufu.

Hapo suala linatoka kwenye nyumba yako na kuingia kwa jirani. Kwenye vilima vya Goba na Kimara, Dar es Salaam, ambako viwanja vimepandana, maji ya paa la juu ndiyo korongo la kiwanja cha chini. Kila anayejenga anamwaga sakafu ngumu uani, anafunga gata, anatoboa uzio, na mkondo unatoka kwa kishindo hadi kwenye ukuta wa mwenzake. Ugomvi huu ni wa kale. Imepokewa kwamba mlizamu (mfereji wa kutoa maji ya paa) wa nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ulikuwa ukimwagia njiani, Khalifa Sayyidna Umar akaamuru ung'olewe. Alipoambiwa kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale, akamtaka Abbas apande mgongoni kwake aurudishe. Sisi mtaani hatuna subira ya namna hiyo. Kesi huishia kwa mjumbe, na mjumbe hana mtaro wa kumpa mtu. Halmashauri ndizo zenye wajibu wa mitaro ya barabara, lakini kibali cha ujenzi huulizia choo kiko wapi, na ni nadra mtu kuulizwa kwa ukali huo huo maji ya paa yake yatapita wapi. Hili ni pengo ambalo fundi hawezi kuliziba.

Niseme kidogo juu ya paa la kuficha, maana ndilo lililotamba mjini sasa. Ukuta unapandishwa kuzunguka nyumba, paa linalala nyuma yake bila kuonekana, na kwa nje nyumba inapendeza. Lakini kwenye nyumba ya kawaida gata likifurika, maji yanaanguka nje. Kwenye paa la kuficha gata liko ndani ya kuta. Likifurika, linafurikia kwenye dari. Mwinamo wa paa ni mdogo, kwa hiyo maji hayakimbii. Maungio ya bati na ukuta ni marefu, na kila mita yake ni mahali pa kuvuja. Mara nyingi tundu la kutolea ni moja tu kwa upande, na mfuko mmoja wa plastiki uliopeperushwa na upepo unatosha kuliziba. Asubuhi jipsamu iko juu ya kochi. Anayelitaka paa hilo asimalize ramani kabla hajaona humo mambo matatu: matundu mawili ya kutolea kwa kila gata, tundu la dharura linalotoboa ukuta wa nje chini kidogo ya usawa ambao maji yangeanza kuingia ndani, na njia ya mtu kupanda kusafisha bila kukanyaga bati. Kama mchoraji anakunja uso ukimtajia tundu la dharura kwa sababu linaharibu sura ya ukuta, mtafute mwingine. Na paa la kuficha chini ya mwembe ni uamuzi ambao mimi nisingeufanya hata kwa kulipwa.

Majengo ya kale yanatufundisha hili kwa ukali zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Mlizamu ukiziba, ukuta unaloa kutoka juu, chokaa inalegea, na ncha ile ya boriti inaoza mahali ambapo hakuna anayeiona, mpaka siku sakafu inapokaa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jumba kubwa kama lile haliangushwi na sababu moja. Lakini muulize fundi yeyote wa chokaa wa Unguja nyumba hizi zinakufa na nini, atakuonyesha juu, kwenye paa.

Kuhusu matengenezo, chombo cha kwanza ni mwavuli. Toka nje mvua ikiwa inanyesha na utazame, maana gata kavu halisemi kitu. Maji yakimwagika katikati ya urefu, breketi imelegea na gata limebonyea. Rudisha uzi, ongeza breketi. Yakimwagika karibu na bomba, bomba limeziba au ni dogo. Yakidondoka kwenye kiungo, subiri kikauke kabisa, kwangua silikoni ya zamani yote, safisha, ndipo upake mpya. Silikoni juu ya silikoni, au juu ya vumbi, haishiki hata wiki. Saruji isitumike kuziba gata, ingawa wengi huitumia, kwa sababu gata hucheza na saruji haichezi. Tundu dogo la kutu kwenye bati hutibiwa kwa kukwangua, kuweka kiraka cha bati kwa riveti na silikoni, kisha kupaka lami kwa ndani. Kutu ikishakuwa mstari mrefu, badilisha kipande chote. Yakiteremka nyuma ya gata, tatizo haliko kwenye gata: bati limeishia mapema, na linahitaji kuongezewa utepe wa kuyaelekeza ndani.

Usafi ni mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba au Oktoba kabla ya vuli. Mwarobaini na mvinje vinataka zaidi ya hapo. Majani yao madogo hupita hata kwenye wavu wa kufunika gata. Ngazi ishikwe na mtu, na isiegemezwe kwenye gata.

Mwenye uwezo wa kufanya kidogo tu mwaka huu asianze na upande wa mbele kwa sababu ndio unaoonekana. Aanze pale paa mbili zinapokutana na kufanya bonde, kwa kuwa hapo maji ya pande mbili yanashuka mahali pamoja. Kisha juu ya milango. Kisha upande wa mlimani. Na kabla ya kununua gata lolote, achimbe na kusakafia njia ya kuyatoa maji kiwanjani. Anayejenga sasa aliandike gata kwenye bajeti ya kupaua, lisiende kwenye umaliziaji. Fundi wa paa akishashuka na jukwaa lake, kumpandisha tena ni gharama mpya.